Ukoo Mpana, Mlango Mwembamba: Mkarafuu wa Wete na Jenomu za Ndugu Zake

Historia ya Wete, mji wa bandari ulioko upande wa magharibi wa Pemba kaskazini, haitenganiki na historia ya mkarafuu, na kwa muda mrefu wanahistoria wameiandika kwa kutegemea hati za forodha, amri za masultani, ripoti za maofisa wa Kiingereza na masimulizi ya wazee waliochuma na kuanika. Tangu mwaka 2014, na hasa tangu mwaka 2022, imepatikana hazina nyingine ya kumbukumbu, nayo ni jenomu, yaani jumla ya maagizo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli ya kiumbe, ambayo wataalamu wameisoma katika mkarafuu na katika miti kadhaa ya ukoo wake na kuilinganisha kipande kwa kipande. Hazina hizi mbili zikisomwa pamoja zinaeleza jambo ambalo kila moja peke yake hulieleza nusu tu: mti uliojenga uchumi wa Wete umetoka katika ukoo mpana sana wa mimea, umefika Pemba kwa kupitia mlango mwembamba mno, na neema na misiba ya karafuu kisiwani humo imetokana kwa kiasi kikubwa na mambo hayo mawili.

Bandari iliyotangulia mkarafuu

Eneo la Wete lilishiriki katika biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya mkarafuu kupandwa huko. Ng'ambo ya hori, kusini mwa mji wa leo, iko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale waliibua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa mwambao, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizopigwa katika nchi za Kiislamu za mbali. Baadaye Pemba ilijulikana zaidi kwa mpunga, kwa kuwa mabonde yake yenye maji yalitoa mchele mwingi ulioliwa Mombasa wakati kisiwa kilipokuwa chini ya watawala wa huko wa ukoo wa Mazrui, hadi majeshi ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman yalipokitwaa mnamo 1823. Na Waarabu, kwa kuvutiwa na rangi ya mimea yake, walikiita Al-Jazira Al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani.

Wakati huo mkarafuu ulikuwa bado mti wa mbali. Asili yake ni Visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo, na hasa visiwa vitano vya Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan, ambavyo kwa karne nyingi vilikuwa chimbuko la karafuu zote zilizofika katika masoko ya India, Uarabuni na Ulaya. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki iliamua kuihodhi biashara hiyo kwa nguvu: iliagiza mikarafuu ikatwe katika visiwa vingi vya asili, ikaruhusu kilimo chake Ambon na visiwa vya jirani tu, na ikawaadhibu vikali wenyeji waliokaidi. Huo ulikuwa mlango wa kwanza mwembamba, kwa sababu miti ya kisiwa kizima inapokatwa, hupotea pamoja nayo tofauti zote za urithi ambazo miti hiyo ilikuwa imezikusanya kwa vizazi na vizazi.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Wafaransa. Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, kilichoitwa wakati huo Île de France, alituma vyombo kutafuta kwa siri miche ya karafuu na ya kungumanga, navyo vikarudi na shehena mwaka 1770 na tena mwaka 1772. Miche mingi ya karafuu ilikufa, na ile michache iliyonusurika ililelewa katika bustani ya Pamplemousses na mtaalamu wa mimea Jean-Nicolas Céré, ambaye kutokana nayo alizalisha mingine iliyopelekwa Réunion na kwingineko. Ugumu wa safari hizo unaeleweka vizuri kwa kuitazama mbegu yenyewe. Karafuu ya dukani ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijachanua, kwa hiyo haiwezi kuota kamwe; mbegu hupatikana tu pale ua linapoachwa lichanue na tunda lake la rangi ya zambarau likaiva mtini, na mbegu hiyo ikishatolewa katika nyama ya tunda na kuachwa ikauke, hufa baada ya muda mfupi. Nahodha wa karne ya 18 hakuweza kutia gunia la mbegu ghalani na kusafiri nalo kwa miezi, ila alilazimika kubeba mimea hai, kuinywesha maji matamu ambayo mabaharia wenyewe waliyahitaji, na kuikinga na chumvi ya bahari, na ndiyo maana kila safari ilivusha miti ya kuhesabika.

Mlango wa tatu ni ule wa Zanzibar. Mwanzoni mwa karne ya 19 miche ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa, na masimulizi yanalitaja jina la mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil al-Abri, pamoja na mashamba ya Mtoni na Kizimbani kuwa ya kwanza. Sayyid Said aliuona upesi utajiri uliokuwamo katika mti huo na kuwahimiza wenye mashamba waupande kwa wingi, na kutoka Unguja mikarafuu ikavuka hadi Pemba, ambako vilima vyenye udongo wenye kina na mvua nyingi za upande wa magharibi viliifaa kuliko ardhi ya Unguja. Kazi ya kufyeka, kupanda na kuchuma ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa waliotolewa bara, na ustawi wa mashamba hauwezi kusimuliwa kwa haki bila kuwataja watu hao, ambao utumwa wao ulifutwa kisheria mwaka 1897.

Tukio lililoigeuza nafasi ya Pemba lilikuwa kimbunga cha Aprili 1872, kilichong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ilipanda, wenye ardhi wa Pemba wakaongeza mashamba, na kabla ya karne kwisha kisiwa hicho kilikuwa ndicho mzalishaji mkuu wa karafuu za Zanzibar, nayo Zanzibar ikawa inauuzia ulimwengu sehemu kubwa kabisa ya karafuu zake. Wete, pamoja na Chake Chake na Mkoani, ikawa mji wa utawala na mlango wa kutolea mazao, ambako magunia yaliyotoka katika mashamba ya ndani yalipimwa, yakahifadhiwa na kupakiwa vyomboni. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba miti yote hiyo, kwa maelfu na maelfu, ilikuwa uzao wa miche michache iliyopita katika milango mitatu iliyofuatana.

Ukoo unaoonekana kwa macho

Mtu akichuma jani la mkarafuu katika shamba lolote la Wete na kuliinua kwenye mwanga wa jua, ataona vitone vidogo sana vinavyopenyeza nuru, vimetapakaa katika jani zima. Vitone hivyo ni vifuko vya mafuta, na jani likifikichwa ndivyo vinavyopasuka na kutoa harufu. Akifanya vivyo hivyo kwa jani la mpera ulioko uani, la mzambarau, la mtufaa au la mkaratusi, ataviona vitone vya namna ile ile, ingawa harufu itakayotoka itakuwa nyingine kabisa. Miti hiyo yote ni ya familia moja, ambayo wataalamu huiita Myrtaceae, yenye spishi zaidi ya 5,500 duniani, na ndani ya familia hiyo mkarafuu, mzambarau na mtufaa imo katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zilizo karibu sana kinasaba, liitwalo Syzygium.

Uhusiano huo ulichukua muda mrefu kukubalika. Carl Linnaeus wa Sweden aliuorodhesha mkarafuu mwaka 1753 kwa jina la Caryophyllus aromaticus, akiuweka katika jenasi ya peke yake. Wataalamu waliofuata wakauhamishia katika jenasi ya Eugenia. Na ilikuwa mwaka 1939 tu ambapo Elmer Merrill na Lily Perry waliuweka mahali unapokaa hadi leo, wakiuita Syzygium aromaticum. Wataalamu hao wote walitumia vigezo vya macho, kama vile jinsi ua linavyofungika, jinsi mbegu ilivyokaa ndani ya tunda na jinsi mishipa ya jani inavyopita, na vigezo hivyo, japokuwa ni vya thamani, huchanganya pale spishi zinapokuwa nyingi na zinafanana. Syzygium ina spishi zipatazo 1,200, idadi inayoifanya kuwa jenasi ya miti yenye spishi nyingi kuliko zote duniani.

Mwaka 2022 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ulioshughulikia tatizo hilo kwa njia ya jenomu, ambao ulisoma spishi 182 za Syzygium na sampuli nyingine 58 ambazo hazikuwa zimetambuliwa, na kuzilinganisha zote na jenomu kamili ya Syzygium grande, mti wa pwani za Asia ya Kusini-Mashariki. Utafiti huo ulithibitisha kwamba jenasi hii ilianzia katika eneo la Australia na Guinea Mpya, ikatawanyika kuelekea mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na kuelekea magharibi hadi India na Afrika, huku spishi mpya zikitokea kwa mikupuo ya haraka kiasi kwamba ni vigumu kutambua ipi ilitangulia ipi. Kwa msomaji wa Pemba matokeo haya yana maana kubwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba ndugu wa mkarafuu waliwahi kufika Afrika bila msaada wa binadamu, zama zilizopita sana, na uzao wao ni mizambarau mwitu inayoota katika kingo za mito na misitu ya Tanzania hata leo. Karne chache zilizopita ndipo jenasi hiyo ilipofika tena kwa mikono ya watu: mzambarau ukaletwa kutoka India, mtufaa na mkarafuu kutoka mashariki zaidi, na mzambarau ukazoeleka mno katika mandhari ya Wete hata shehia moja ya wilaya ikaitwa Mzambarauni Takao.

Jinsi jenomu zinavyolinganishwa

Katika kiini cha seli, DNA, ambayo ni molekuli ndefu inayobeba urithi, imegawanyika katika nyuzi zinazoitwa kromosomu, na juu ya kila kromosomu zimepangika jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo ya kutengeneza protini fulani. Mpangilio huo unaweza kufananishwa na shanga zilizotungwa katika uzi: spishi mbili zilizotokana na babu mmoja huanza na nyuzi zenye shanga kwa mfuatano ule ule, lakini kadiri vizazi vinavyopita, kipande cha uzi huweza kukatika na kutungwa upya kikiwa kimegeuzwa kichwa chini, au kuhamia sehemu nyingine ya uzi ule ule, au kuhamia uzi mwingine kabisa, na shanga moja huweza kurudiwa mara nyingi mahali pamoja. Pale ambapo mfuatano wa jeni umebaki vile vile katika spishi mbili, wataalamu husema kwamba zina sinteni, na kwa kuchunguza mahali sinteni ilipohifadhiwa na mahali ilipovunjika hujua ni mabadiliko gani yaliyotokea tangu spishi hizo zilipoachana.

Jenomu ya kwanza kusomwa kikamilifu katika familia hii ilikuwa ya mkaratusi wa aina ya Eucalyptus grandis, ambao hupandwa kwa mbao na nguzo katika nchi nyingi zikiwemo za Afrika Mashariki, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature. Jenomu hiyo ina herufi za DNA zipatazo milioni 640 katika kromosomu 11, na watafiti waligundua kwamba babu wa mbali wa mkaratusi, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, aliwahi kurudufisha jenomu yake nzima, yaani kila kromosomu ikawa na pacha wake. Utafiti wa Syzygium wa mwaka 2022 uliona alama za urudufishaji huo huo wa kale, na kuthibitisha kwamba ni urithi wa pamoja wa kundi zima la mimea liitwalo Myrtales, ambalo ndani yake imo familia ya mkarafuu.

Mkarafuu wenyewe ulipata jenomu yake mwaka 2022, kupitia utafiti uliochapishwa katika jarida la Communications Biology. Jenomu hiyo ina herufi zipatazo milioni 370, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya zile za mkaratusi, lakini nazo zimepangika katika kromosomu 11, kama ilivyo kwa mpera pia. Tofauti ya ukubwa isimdanganye msomaji akadhani kwamba mkaratusi una maagizo maradufu, kwani katika mimea sehemu kubwa ya tofauti za namna hii husababishwa na vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika huku na huko, ambavyo huurefusha uzi bila kuongeza jeni zenye kazi kwa kiwango hicho.

Watafiti walipoziweka sambamba kromosomu za mkarafuu na za mkaratusi, waliona kwamba kromosomu za mti mmoja zinalingana na za mti mwingine na kwamba sehemu kubwa ya mfuatano wa jeni imehifadhiwa, ingawa katika kromosomu 7 kati ya 11 kuna vipande vilivyogeuzwa au kuhamishwa ndani ya kromosomu ile ile. Matokeo haya yanastahili kuzingatiwa kwa makini. Miti hii miwili imetengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, mmoja una tunda la nyama na mwingine una kikombe kikavu cha mbegu, mmoja ulitoka katika visiwa vya mvua na mwingine ukastawi hasa katika misitu ya Australia, na bado misingi ya usanifu wa urithi wao ni mmoja. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba jeni iliyochunguzwa katika mkaratusi, mti ambao una mashamba makubwa, fedha za utafiti na wataalamu wengi, inaweza kutafutwa katika mkarafuu mahali panapolingana napo, na kazi ya miaka mingi ikafupishwa.

Usanifu mmoja, harufu mbili

Swali linalofuata ni la kibiashara moja kwa moja, nalo ni kwa nini miti yenye usanifu wa urithi unaokaribiana kiasi hicho hutoa mafuta tofauti. Harufu na ukali wa karafuu hutokana hasa na yujenoli, kemikali ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ya karafuu, na ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu. Mkaratusi hutoa mafuta yenye sineoli kwa wingi, ile harufu kali inayofungua pua katika dawa za mafua, na jenomu yake ilikutwa na jeni 113 zenye kazi ya kutengeneza kemikali za kundi la sineoli, idadi iliyokuwa kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote uliokuwa umesomwa hadi wakati huo. Takriban theluthi moja ya jeni za mkaratusi zimerudiwa zikifuatana mahali pamoja, na kurudiwa huko ndiko kulikoupa mti huo nafasi ya kuzalisha kemikali nyingi za kujihami.

Mkarafuu umeshika njia nyingine. Yujenoli hutengenezwa kutokana na malighafi zile zile ambazo mimea huzitumia kutengenezea lignini, ambayo ni dutu inayoupa mti ugumu wa mbao, kwa hiyo mkarafuu huchepusha sehemu ya vifaa vya kujengea shina na kuvipeleka katika vifuko vya mafuta vya jani na vya tumba. Watafiti wa jenomu ya mkarafuu walizitambua familia za jeni zinazohusika na njia hiyo, na wakapendekeza kwamba yujenoli asetati, kemikali ndugu ya yujenoli, ina nafasi muhimu katika kuuwezesha mti kulimbikiza yujenoli nyingi kiasi hicho.

Maarifa haya yanaigusa desturi ya uchumaji ya Wete mahali pake hasa. Mchumaji mzoefu hupanda mtini na kuuvuta ukingo wa tawi kwa upembo, huchuma kikonyo kizima pale tumba linapoacha ukijani na kuanza kuwa jekundu, na huliepuka tumba lililokwisha kuchanua kwa sababu halina bei. Nyumbani, familia hukaa jioni kuchambua, yaani kuzitenganisha karafuu na makonyo, kisha karafuu huanikwa kwenye majamvi kwa siku kadhaa hadi zipate rangi ya kahawia na kubaki na takriban theluthi moja ya uzito wake, na makonyo huuzwa peke yake kwa ajili ya kukamuliwa mafuta kama yanavyokamuliwa katika kiwanda kilichoko Pemba. Uzoefu wa vizazi uliutambua wakati ambao tumba limejaa mafuta bila kuwa limefunguka, na kemia ya leo inaueleza ujuzi huo bila kuupunguzia heshima.

Maradhi ya ukoo

Udugu wa miti hii una upande wa hatari, nao ulidhihirika Zanzibar mapema kuliko jenomu. Tangu mwisho wa karne ya 19 mashamba ya visiwani yalikuwa yakikumbwa na kifo cha ghafla cha mkarafuu, ugonjwa ambao huishambulia miti mikubwa, ukageuza majani kuwa ya manjano na kuyapukutisha, na mti uliokuwa na afya ukafa kwa muda mfupi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wawili, F. J. Nutman na F. M. Roberts, walifanya uchunguzi mrefu Zanzibar, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikihusisha kifo cha ghafla na kuvu iliyoitwa Valsa eugeniae, na kuutofautisha ugonjwa wa pili, wa kukauka kwa matawi kuanzia nchani, uliosababishwa na kuvu nyingine ambayo wao ndio walioieleza kitaalamu kwa mara ya kwanza. Jina la eugeniae lilitokana na jenasi ya Eugenia, ambamo mkarafuu ulikuwa bado ukihesabiwa na wengi.

Kuvu ya kukausha matawi huingia mtini kupitia majeraha, na jeraha la kawaida kabisa la mkarafuu ni tawi lililovunjwa wakati wa kuchuma, kwa kuwa mbao za mti huu hukatika kirahisi. Mwaka 1986 wataalamu wa magonjwa ya mimea walithibitisha kwamba kuvu hiyo ya mikarafuu ni spishi ile ile inayotoboa vidonda katika magome ya mikaratusi na kuua mashamba ya miti hiyo huko Brazil na katika nchi nyingine za joto, na tangu mwaka 2004 kuvu ya kundi hilo imeitwa Chrysoporthe. Vimelea waliutambua udugu wa mkarafuu na mkaratusi kabla ya wasomaji wa DNA kuuthibitisha, na funzo lake kwa mkulima ni la wazi: shamba la mikaratusi lililo jirani na mikarafuu linaweza kuwa ghala la ugonjwa, na mche wa mti wowote wa ukoo huu unaoingizwa kisiwani unastahili kukaguliwa kwa uangalifu ule ule unaokaguliwa nao mche wa mkarafuu.

Wakati ugonjwa ukiendelea, siasa na soko navyo vilibadilika. Mapinduzi ya Januari 1964 yalifuatwa na kutaifishwa kwa ardhi na kugawiwa kwa wananchi viwanja vya eka tatu. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar likawa mnunuzi wa karafuu. Na mnunuzi mkuu wa nje akawa Indonesia, nchi ya asili ya mti wenyewe, iliyohitaji karafuu kwa ajili ya sigara zake za kretek. Indonesia ilipanda mikarafuu mingi katika miaka ya 1970, na miongoni mwa aina zilizopendwa na wakulima wake ilikuwamo ile inayoitwa huko hadi leo Zanzibar, ambayo ilikuwa imerudishwa kutoka Afrika Mashariki kwa sababu ya uzaaji wake mzuri. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ikajitosheleza, bei ya dunia ikaanguka, na mashamba mengi ya Pemba yakaachwa yakazeeka.

Kuupanua mlango

Mkasa huo unaonyesha uzito wa urithi wa miti. Mkarafuu wa Zanzibar uliporudi Maluku na Java ulikutana tena na jamaa zake wa asili, ikiwemo mikarafuu ya msituni ambayo haina yujenoli ya maana lakini imedumu porini bila kulelewa na mtu. Mkarafuu uliobaki Pemba uliendelea kuishi na uzao wa miche ileile michache. Tena ua la mkarafuu kwa sehemu kubwa hujichavusha lenyewe, kwa hiyo watoto wa mti mmoja hufanana na mzazi wao kwa karibu, na hata kizazi cha kumi hakiongezi tofauti nyingi katika shamba. Mkulima hunufaika na kufanana huko kwa sababu mazao yake hutabirika, ila hatari yake ni kwamba maradhi yaliyoushinda mti mmoja hukuta miti ya jirani ikiwa na udhaifu ule ule.

Serikali ya Zanzibar imekuwa ikiotesha miche katika vitalu na kuigawa kwa wakulima bila malipo, na kazi hiyo imeyafufua mashamba mengi ya Pemba. Ulinganisho wa jenomu unaiongezea kazi hiyo dira. Kwanza, mbegu za vitalu zinafaa kuchukuliwa kutoka katika miti mingi iliyotawanyika, hasa ile mikongwe iliyosimama katikati ya shamba lililokwisha kufa kwa maradhi, kwa sababu kunusurika kwake kunaweza kuwa ishara ya tofauti ya urithi ambayo haionekani kwa macho. Pili, miti hiyo mikongwe ya Wete inastahili kuorodheshwa kwa mahali ilipo, umri unaokadiriwa na historia ya shamba lake, kama zinavyoorodheshwa nyumba za kale na makaburi, kwa kuwa nayo ni nyaraka. Tatu, jenomu ya miti hiyo inafaa kusomwa kando ya ile ya mikarafuu ya Maluku, Madagaska na Réunion, ili ijulikane kwa hakika ni sehemu gani ya urithi iliyopotea katika kila mlango na ni wapi inapoweza kupatikana tena. Na kwa kuwa usanifu wa jenomu za familia hii umehifadhika vizuri, elimu iliyokusanywa kwa gharama kubwa katika mkaratusi inaweza kutumiwa na watafiti wa Unguja na wa Pemba kwa gharama ndogo.

Karne ya 17 mkarafuu ulifinywa kwa amri ya kampuni ya biashara, karne ya 18 ulifinywa na urefu wa safari za jahazi na merikebu, na karne ya 19 ulienezwa kwa jasho la watu wasiokuwa huru ambao hawakupewa sehemu ya faida yake. Wakulima wa Wete wa karne hii ndio wa kwanza katika historia ya mti huo kisiwani wenye uwezo wa kuchagua, kwa elimu na kwa hiari yao, ni miti gani iwe wazazi wa mashamba yajayo, na uamuzi huo unapaswa kufanywa sasa, maadamu miti mikongwe ingali hai na mbegu zake zingali zinaweza kuoteshwa.